Unakwenda Kilwa? Kwanza uliza ni Kilwa ipi

NCHELENGE, Zambia. Mtanzania akisikia Kilwa, mawazo yake huenda Lindi, kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani. Lakini katika eneo la Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia, kuna Kilwa nyingine mbili, na mfanyabiashara asiyezitofautisha anaweza kupoteza siku, nauli na hata mzigo.

Ya kwanza ni Kisiwa cha Kilwa. Kipo karibu zaidi na ufuko wa Congo kuliko Nchelenge, lakini ni ardhi ya Zambia. Ya pili ni mji wa Kilwa, ulio bara upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, katika eneo la Pweto, mkoa wa Haut-Katanga. Anayekwenda kisiwani kutoka Nchelenge hajatoka Zambia. Anayekwenda mjini amevuka mpaka wa kimataifa, na anatakiwa awe na muhuri wa uhamiaji, karatasi za forodha na cheti cha chanjo.

Njia hii haina jina kubwa kama Kasumbalesa, lakini inafaa kufahamika. Agosti 2024, Zambia ilifunga kwa siku chache mipaka yake na Congo katika ukanda wa Copperbelt, kufuatia hatua ya Congo kuzuia uingizaji wa bia na vinywaji baridi. Malori yalikwama. Mwenye njia moja tu kichwani hana la kufanya siku kama hiyo zaidi ya kusubiri.

Panga kuanzia ziwani

Kwa anayetoka Tunduma, safari hupitia Nakonde, Mbala, Kasama, Luwingu na Mansa, kisha hupanda kaskazini kupitia Mwense na Mwansabombwe hadi Nchelenge. Hapo gari linafika mwisho na maji yanaanza. Mji wa Kilwa uko umbali wa takriban kilomita 40 kwa mstari ulionyooka.

Wengi hupanga safari kama basi linavyokwenda, yaani kituo cha kwanza hadi cha mwisho. Safari yenye maji katikati hupangwa kinyume. Ulizia kwanza boti inaondoka siku gani na saa ngapi, ndipo urudi nyuma kuhesabu siku za barabarani, siku ya forodha Nakonde na siku moja ya akiba. Kuchelewa kwa nusu siku Nakonde kunaweza kuwa usiku mzima wa kulinda mzigo ufukweni.

Katika hesabu hiyo usisahau saa. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Tunduma ikiwa saa 2 asubuhi, Nakonde ni saa 1. Pia Wazambia husoma saa kwa mtindo wa Kiingereza. Nahodha akisema "saba asubuhi", anamaanisha saa 1 asubuhi kwa hesabu ya Kiswahili.

Kalenda ya samaki na mvua

Mzigo mkubwa unaotoka ziwani ni samaki. Wapo pale, jamii ya perege, na chisense, samaki wadogo wanaokaushwa kama dagaa. Wote wana soko Copperbelt na Katanga.

Hata hivyo, kila mwaka kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, Zambia husimamisha uvuvi ili samaki wazaliane. Anayepeleka bidhaa Desemba akitegemea kurudi na samaki atarudi na gari tupu, au atajaribiwa kununua mzigo wa magendo utakaotaifishwa kwenye kizuizi cha kwanza. Miezi hiyohiyo ni ya mvua, na barabara ya udongo inayotoka mji wa Kilwa kuelekea Lubumbashi kupitia Kasomeno huwa ngumu zaidi.

Kwa hiyo wakati mwepesi ni kiangazi, Mei hadi Oktoba. Mwishoni mwa Julai, Mwansabombwe hujaa wageni wa sherehe ya Umutomboko ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda. Kwa muuza vitenge hiyo ni siku ya soko. Kwa anayepita tu, ni siku ya kukosa chumba asipotafuta mapema.

Kadi mbili za njano

Neno "kadi ya njano" huwachanganya wengi, kwa sababu zipo mbili. Moja ni bima ya gari ya COMESA, inayomlinda mtu wa tatu nje ya nchi ulikokatia bima. Tanzania si mwanachama wa COMESA, lakini imo katika mpango huo wa bima, pamoja na Zambia na Congo. Ikatwe kabla ya kuondoka.

Ya pili ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho Congo hukidai kwa kila anayeingia. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, hivyo kuchanjwa siku ya safari hakusaidii. Tangu 2016, cheti hicho hutambuliwa kimataifa kwa maisha yote ya aliyechanjwa.

Kuhusu mzigo, jambo la kujua ni nani ni mwanachama wa nini. Tanzania na Congo zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Congo ilijiunga nayo 2022. Zambia haimo. Zambia na Congo zimo COMESA, ambayo Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Zote tatu zinakutana SADC.

Matokeo yake ni haya. Utaratibu rahisi wa COMESA kwa wafanyabiashara wadogo unahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama na zilizo katika orodha iliyokubaliwa. Sukari ya Zambia inaweza kuwemo; mchele wa Kyela hauwezi, hata kama umenunuliwa Nakonde. Kwa mchele huo, cheti cha uasili cha SADC ndicho cha kuuliza unapoingia Zambia.

Ikiwa mzigo ni wa Congo na unapita tu Zambia, wakala wa forodha aandike hivyo tangu Nakonde, na ataje kituo sahihi cha kutokea. Mzigo ulioandikiwa Kasumbalesa ukionekana Nchelenge utahesabika umepotea njia, na dhamana iliyowekwa itakuwa hatarini. Ulizeni hilo kabla karatasi hazijapigwa muhuri.

Mwenye gari la Tanzania achukue pia kibali cha muda cha gari na kulipa tozo za barabara, kisha atunze stakabadhi zote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ufukweni

Boti za kawaida za mbao zenye injini hazibebi gari. Wakati mgodi wa shaba wa Dikulushi, kaskazini mwa mji wa Kilwa, ulipokuwa ukisafirisha madini yake kupitia ziwa hili, mgodi ulitumia chombo chake. Mfanyabiashara mdogo huacha gari Nchelenge, mahali penye mlinzi na stakabadhi, au hukodi lori hadi hapo na kukodi jingine ng'ambo. Gharama ya magari mawili iingie kwenye bei ya bidhaa tangu mwanzo.

Kabla ya kupanda, hesabu majaketi ya kuokolea na abiria. Watanzania wanaoikumbuka MV Bukoba, Mei 21, 1996, na MV Nyerere, Septemba 20, 2018, ambako watu zaidi ya 220 walikufa karibu na Ukara, hawahitaji kuelezwa maana ya chombo kujazwa kupita uwezo. Boti ikizama kwa gunia moja la ziada, hakuna faida inayorudi. Aliyeona imejaa ashuke, hata kama nauli imelipwa.

Pesa nazo ziwe tayari: kwacha kwa Zambia, na faranga za Congo au dola kwa ng'ambo. Dola iliyochanika hata kidogo hukataliwa Congo. Lugha si tatizo kubwa, kwa kuwa Kibemba kinasikika pande zote mbili za ziwa, na Kiswahili cha Katanga kinampokea Mtanzania mara anaposhuka.

Daraja linakuja, boti zitabaki

Zambia na Congo zimekubaliana kujenga barabara ya kulipia kutoka Kasomeno kupitia Kasenga hadi Mwenda, pamoja na daraja la mita 345 juu ya Mto Luapula, kusini mwa ziwa. Ikikamilika, lori litaweza kutoka Nakonde hadi Lubumbashi bila kupita Copperbelt.

Mabadiliko ya aina hiyo yameshaonekana. Daraja la Chembe lilichukua nafasi ya pantoni mwaka 2008 juu ya mto huohuo. Kazungula ikafuata 2021 kati ya Zambia na Botswana. Na Tanzania ilifungua Kigongo–Busisi Juni 2025. Kote huko, foleni ya kivuko haikuwa tena sehemu ya hesabu.

Lakini daraja la Luapula litafupisha njia ya lori. Halitafika kisiwani, wala halitabeba gunia tano za chisense za mama anayenunua ufukweni Nchelenge. Mwenye tani 30 ana sababu ya kulisubiri. Mwenye mtaji wa gunia tano ataendelea kutegemea boti, na faida yake itatokana na kuijua ratiba yake, mwezi wa kufunga uvuvi, na Kilwa anayoiendea.