Ndege Ndogo za Viti Viwili: Kwa Nini Kila Kilo Huhesabiwa, na Maana Yake kwa Katavi

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

Wakazi wengi wa Manispaa ya Mpanda wanapozungumzia ndege, hufikiria ile ya Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL) aina ya Bombardier Q400, yenye viti 76, inayotua katika Kiwanja cha Ndege cha Mpanda. Ipo hata hivyo aina nyingine ya ndege, yenye viti viwili na injini moja, ambayo ikiwa imejaa watu, mafuta na mizigo haizidi kilo 600. Uzito huo ni pungufu ya ule wa gari dogo la abiria likiwa tupu.

Ndege za aina hii sasa zinaundwa nchini. Mjini Morogoro, kampuni ya Airplanes Africa Limited inaunganisha ndege za Skyleader, ambazo usanifu wake ulianzia Jamhuri ya Czech. Makala haya yanaeleza jinsi ndege ndogo nyepesi inavyosanifiwa na kuendelezwa, na mambo ambayo mwananchi wa Katavi anapaswa kuyafahamu kabla ya kuamini kuwa chombo chochote kinachoweza kuruka kinafaa kuruka katika mkoa huu.

Kikomo cha kilo 600

Mwaka 2004 Marekani ilitunga kanuni mahususi kwa ndege hizi. Kanuni hizo ziliweka ukomo wa kilo 600 kwa ndege inayotua nchi kavu, viti visivyozidi viwili, injini moja, na kasi ya juu isiyozidi kilomita 222 kwa saa. Sharti lingine muhimu ni kwamba ndege iweze kuendelea kubebwa na hewa hata ikiwa katika kasi ya kilomita 83 kwa saa. Sharti hilo lina sababu: kadiri ndege inavyoweza kutua kwa mwendo mdogo, ndivyo inavyohitaji njia fupi, na ndivyo madhara yanavyopungua rubani anapolazimika kutua shambani. Ulaya nayo inatumia ukomo wa kilo 600 kwa kundi hili. Mwaka 2025 Marekani ilitangaza kanuni mpya zinazolegeza ukomo wa uzito na kutilia mkazo zaidi kasi hiyo ya chini.

Kwa msanifu, kilo 600 ni bajeti isiyo na nyongeza. Tuchukue mfano wa ndege yenye kilo 350 ikiwa tupu. Zinabaki kilo 250. Watu wawili wenye kilo 85 kila mmoja huchukua kilo 170, na begi dogo kilo 10. Kilo 70 zinazobaki ni za petroli, takriban lita 97. Injini ya aina ya Rotax 912 yenye nguvu za farasi 100, inayotumika sana katika ndege hizi, hutumia wastani wa lita 20 kwa saa, hivyo ndege itakaa angani karibu saa tano. Mmiliki akiongeza kamera na redio zenye kilo 30, petroli itashuka hadi lita 55 hivi, na muda wa kuruka utapungua hadi chini ya saa tatu, kabla ya kutenga akiba ya lazima. Ndiyo maana mabawa hutengenezwa kwa bati jembamba la alumini au kwa nyuzi za kaboni, na kila kifaa hupimwa kwenye mizani kabla ya kufungwa.

Bawa hupimwa kabla ya rubani kupanda

Wepesi haupaswi kupatikana kwa gharama ya uimara. Viwango vinavyotumika kimataifa kwa kundi hili vinaitaka ndege ihimili mzigo mara nne ya uzito wake inapopinda au kukumbwa na upepo wa ghafla, kisha mzigo huo huzidishwa kwa moja na nusu kama tahadhari. Kwa ndege ya kilo 600, hesabu hiyo inafika kilo 3,600. Njia iliyozoeleka ya kuthibitisha ni kuigeuza ndege juu chini na kupanga mifuko ya mchanga juu ya mabawa hadi mzigo unaotakiwa ufikiwe. Bawa likivunjika, huvunjika karakanani, na msanifu hurudi kwenye hesabu zake.

Baada ya hapo hufuata majaribio ya angani, yanayoanza na mwendo wa taratibu na kuendelea hatua kwa hatua hadi kwenye kasi ya juu kabisa. Kila tokeo huandikwa, na kumbukumbu hizo ndizo huzaa kitabu cha rubani na kitabu cha matengenezo. Ndege isiyo na vitabu hivyo haijakamilika, hata kama rangi yake inang'aa.

Hewa ya Mpanda si ya Morogoro

Kiwanja cha Ndege cha Mpanda kipo takriban mita 1,070 juu ya usawa wa bahari, wakati mji wa Morogoro upo karibu mita 500. Kadiri eneo linavyoinuka na joto linavyoongezeka, hewa huwa nyepesi. Mchana wa kiangazi, joto la Mpanda likifika nyuzi 32, ndege huruka kana kwamba ipo karibu mita 2,000 kwenda juu. Katika hali hiyo, injini ya kawaida ya farasi 100 hutoa takriban farasi 80 tu, huku mabawa nayo yakipata hewa hafifu ya kuyabeba. Ndege huhitaji njia ndefu zaidi na hupanda polepole. Rubani makini huruka asubuhi na mapema, au hupunguza mzigo.

Pamoja na changamoto hiyo, manufaa yanaonekana. Hifadhi ya Taifa Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471, na masika mbuga za Katisunga na Chada hujaa maji kiasi cha kuzuia magari. Ndege inayoruka taratibu, inayotumia petroli ya kituo cha mafuta badala ya mafuta maalumu ya ndege yasiyopatikana kirahisi, inaweza kusaidia doria, kuhesabu wanyama na kufuatilia mafuriko ya Mto Katuma.

Wajibu wa mwananchi

Viwango vya kina vya ubora wa ndege chini ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 vinahusu ndege zinazozidi kilo 750. Ndege za kilo 600 zimeachwa kwa kila nchi kuzisimamia. Kwa Tanzania, jukumu hilo ni la Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Ndege husajiliwa kwa alama za 5H, hukaguliwa, na hairuhusiwi kuruka bila uthibitisho wa mamlaka hiyo kuwa inafaa, wala kurushwa na mtu asiye na leseni.

Kijana mbunifu anayetamani kuunda ndege hakatazwi kubuni. Anachotakiwa ni kuwasiliana na TCAA akiwa bado katika hatua ya michoro, kwa kuwa kosa kwenye karatasi hurekebishwa kwa kalamu, na lile lililokwishafungwa kwa ribiti hugharimu mradi mzima. Wanafunzi wenye nia ya fani hii wanahimizwa kusoma fizikia na hisabati, masomo yanayofungua njia ya kujiunga na kozi za uhandisi wa matengenezo ya ndege katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), jijini Dar es Salaam.