Nilipoitafutia Rimu Datsun ya Ami

Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na vitu viwili ambavyo hakupenda watoto waviguse: redio yake ya mbao na Datsun 240Z yake ya rangi ya chungwa. Redio ilikufa kabla yake. Gari ikabaki, nayo ikakaa miaka kumi na moja chini ya turubai katika ua wa nyumba ya Tudor, upepo wa bahari ukiipiga usiku na mchana na paka wa mtaa wakizalia chini yake. Mirathi ilipogawanywa warithi waliafikiana iuzwe, na mimi nikamlipa kila mmoja fungu lake ili isiende kwa mgeni. Watu wa barazani walinicheka. Mke wangu hakucheka. Aliuliza bei tu, kisha akanyamaza siku mbili.

Kwa msomaji kijana hapana budi nieleze. Gari hii ilitoka kwao Japani mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z, na ng'ambo ikaitwa 240Z. Ina milango miwili, pua ndefu, na injini ya silinda sita ya ukubwa wa 2,393 cc. Huku kwetu sifa yake haikuletwa na matangazo bali na Safari Rally. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa gari ya namna hii, na waliowafuata katika nafasi ya pili, Shekhar Mehta na Mike Doughty, walikuwa ndani ya nyingine kama hiyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta akashinda yeye, akiwa na Lofty Drews. Safari hiyo alikuwa amefungana kwa pointi na Harry Källström aliyeendesha Datsun 1800 SSS, ikabidi watazame nani alifika mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Ami aliisimulia hesabu hiyo kila siku ya Idi, hata tukaijua kwa moyo.

Basi injini haikunisumbua sana, wala breki. Kilichonitoa jasho ni magurudumu. Rimu za kiwandani ni za chuma, inchi 14 kwa urefu wa kati, nazo ni nyembamba kuliko vijana wa leo wanavyoweza kuamini. Tulipozivua tairi tukaona chumvi ilivyofanya kazi yake. Pale tairi linapokalia palikuwa pameliwa na kutu kama samaki aliyeguguniwa na kaa. Rimu mbili zilifaa kusafishwa na kupakwa rangi. Tatu zilikuwa za kutupwa.

Kila mtu alikuwa na rai yake. Mpwa wangu, ambaye gari kwake ni kitu cha kupigia picha, alisema, "Mjomba, weka inchi 17, tairi nyembamba kama mkanda, itapendeza." Jirani alitaka zing'ae kama sinia la harusi. Fundi wangu, mzee wa Majengo aliyezitengeneza gari hizi tangu zikiwa mpya, alinitazama akauliza, "Mwanangu, wataka gari isimame ipendeze, ama wataka ikufikishe Malindi?" Nikamwambia nataka yote mawili. Akacheka, akaenda kuosha mikono.

Yeye ndiye aliyenifunza kwamba rimu haichaguliwi kwa macho kwanza. Huanza kwa matundu. Datsun hii ina bolti nne, na ukipima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya ile inayoielekea utapata milimita 114.3, ambazo ni inchi nne na nusu kamili. Kipimo hicho si chake peke yake. Corolla za zamani, kama ile KE70 iliyojaa mitaani mwetu wakati mmoja, zina matundu hayo hayo. Kwa hivyo kwa wauzaji wa vyuma vikuukuu utaziona rimu za Toyota zinazoingia kwenye Datsun pasi na kugonga nyundo. Nami nikafurahi kama aliyeokota dhahabu. Niliona seti moja ya aluminiamu, yenye spoki nane, bei ya kuongeleka. Muuzaji akaniongezea na nati zake, bure. Kitu cha bure, msomaji, kitazame mara mbili.

Kijana wake alizifunga kwa bunduki ya upepo, trrr, trrr, dakika tano kazi imekwisha. Sikuona ubaya. Jumamosi ile nikampakia binti yangu wa miaka tisa, twende Takaungu harusini. Tulivuka daraja la Nyali, tukapita Bombolulu, na karibu na Shanzu nikasikia usukani unatetemeka. Nikadhani ni barabara. Binti yangu akasema, "Baba, kuna kitu chagonga upande wangu." Nikapunguza mwendo, nikatoka kando ya njia kabla hatujafika daraja la Mtwapa. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limebaki na nati mbili, na moja kati ya hizo mbili niliigeuza kwa vidole. Msomaji anayelijua daraja la Mtwapa anajua maji yake yako chini kiasi gani. Nilikaa kando ya barabara na joho langu jeupe likashika grisi, na kwa muda sikuweza kusema neno.

Mzee wa Majengo alikuja kwa matatu akiwa na mfuko wa spana. Alitia nati mfukoni, akachukua nyingine, akanionyesha. Bolti za Datsun na za Toyota zote ni milimita 12 kwa unene, ndiyo sababu jicho linadanganyika. Lakini nyuzi zake, ile mistari ambayo nati huzungukia, si sawa. Za Toyota zimeachana milimita moja na nusu. Za Datsun zimebanana zaidi, milimita moja na robo. Nati ya Toyota ukiitia kwenye bolti ya Datsun kwa mkono itazunguka mara moja au mbili kisha ikatae. Mkono wako utajua. Bunduki ya upepo haijui. Hulazimisha, huzikata nyuzi, na nati hukaa pale ikionekana imekaza kumbe imeshikilia vumbi la chuma. Bolti za mbele kushoto ilibidi tuzigonge zote zitoke, tutie mpya, na za magurudumu mengine tukazikagua moja moja. Harusi tuliikosa.

Baada ya hapo sikuwa na haraka tena. Zile rimu nilizitoa zote nikazikagua juani, nikaona moja ina ufa mwembamba kama unywele nyuma ya spoki, umepakwa rangi juu yake. Seti nzima nikaitupa. Binamu yangu aliyeko Dubai akanitafutia mpya, na kwa majuma matatu tulikuwa tukipigiana simu juu ya milimita.

Kuna umbo moja linaloipendeza gari hii kuliko yote, nalo ni la spoki nane fupi nene. Asili yake Uingereza ni Minilite, zilizotengenezwa miaka ya sitini kwa ajili ya magari ya mashindano, hasa Mini. Wajapani nao wana Watanabe, zinazofanana nazo. Za mwanzo zilikuwa za magnesiamu, madini mepesi mno. Hata ile Fairlady Z432, ndugu wa 240Z aliyepewa injini ya Skyline GT-R, ilitoka kiwandani na rimu za magnesiamu. Ukiuzwa magnesiamu kuukuu hapa pwani, waachie wa bara. Madini yale na chumvi ni maadui; rangi ikichubuka mahali padogo, hewa ya bahari huingia ikaitafuna kwa ndani. Nilitaka aluminiamu, na nikamwambia binamu yangu asinunue mpaka asome nyuma ya rimu alama za Kijapani za JWL na VIA, pamoja na uzito inaoruhusiwa kubeba. Alama zinaweza kughushiwa, hilo najua, lakini rimu isiyo na alama hata moja inajieleza yenyewe.

Kisha yakaja maneno ya kimo. Hapa mpwa wangu na mimi tuligombana kweli. Tairi la asili, 175 kwa rimu ya 14, lina kimo cha karibu milimita 643. Nikichukua rimu ya 14 na tairi la 185/70, ambalo liko kila duka, kimo hushuka hadi 615. Gari huinama, na saa ya mwendo hudai unakimbia kuliko unavyokimbia. Rimu ya 15 na tairi la 195/65 hutoa 634 au zaidi kidogo, karibu sawa na zamani. Na tairi hilo linavaliwa na magari mengi ya Kijapani yaliyoko barabarani kwetu, kwa hivyo likipasuka Gede sitalala Gede. Kwa ukuta wa tairi, lile la asili lina milimita 143, hili lina 127. Tairi za mkanda anazozitaka mpwa wangu zina ukuta wa mia moja au chini yake, na shimo la barabarani likilipita tairi hukutana na rimu.

Upana nao una mipaka yake. 240Z haina usukani wa kusaidiwa, na kila inchi unayoongeza mikono yako ndiyo itakayolipa wakati wa kuegesha Markiti. Nilichagua inchi sita. Tena kuna ile nafasi ya rimu kuingia ndani au kutoka nje ya bawa: ikiingia mno, tairi husugua springi, ikitoka mno, husugua madigadi na kuzichosha beringi. Mzee alibandika vipande vya udongo wa mfinyanzi kwenye nguzo ya springi, akatia gurudumu, akaniambia nizungushe usukani mwisho huku na mwisho huku, watu wawili wakiwa wamekaa ndani. Udongo ulibanwa kidogo, haukukatika. Palibaki nafasi ya kidole.

Nati nilinunua mpya, zenye mdomo wa koni unaolingana na tundu la rimu, na safari hii nilizitia mwenyewe kwa vidole, moja baada ya nyingine. Mzee alisimama akihesabu mizunguko. Unene wa rimu za aluminiamu hula urefu wa bolti, na yeye hakubali nati inayoshika chini ya mizunguko kumi. Zilishika kumi na moja. Tukaenda kilomita hamsini, tukarudi, tukakaza tena kwa mkono.

Mpwa wangu asema zimekuwa za kizee. Rangi ni ya kijivu, haing'ai, na mtu asiyejua hupita asigeuke. Mke wa ami, ambaye hatoki sana siku hizi, alitolewa kiti mlangoni azione. Akatazama kwa muda, kisha akauliza rimu za zamani ziko wapi. Nikamwambia moja ya zile mbili nzima ndiyo spea, kwa kuwa kimo chake kinakaribiana na hizi na nati zile zile huishika. Ya pili iko juu ya kabati. Akasema nimletee aiweke yeye.

Jumamosi iliyofuata binti yangu aliingia garini bila kuambiwa, lakini kabla ya kufunga mlango alirudi chini, akainama, akazihesabu nati zote kumi na sita.