Siku Moja Mjini Bukoba: Mgeni Atazame Nini na Ale Wapi

Kila muhula wazazi na ndugu hutoka mbali kuja kututazama hapa shuleni Kibeta. Wengine hutoka Shinyanga, wengine Kigoma, na wengine hata Dar es Salaam. Aghalabu hufika jioni wamechoka kwa basi, hulala katika nyumba ya wageni, na kesho kutwa alfajiri huwa safarini tena. Basi mgeni wa namna hiyo ana siku moja tu ya kuuona mji wa Bukoba. Wenyeji wake ni sisi wanafunzi, na wengi wetu hatujui tumpeleke wapi wala tumlishe nini. Nimeandika maneno haya ili kueleza jinsi siku hiyo moja inavyoweza kutumiwa vizuri kwa fedha kidogo. Mengine nimeyajua kwa kukosea, kama msomaji atakavyoona.

Mwaka jana baba yangu alikuja kutoka Kahama. Yeye ni mkulima, na katika maisha yake yote hakuwahi kusimama kando ya Ziwa Victoria. Nilipewa ruhusa ya kutoka kuanzia asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Nilijiona mkubwa sana siku ile, kwa kuwa mara hii mimi ndiye niliyekuwa nikimwongoza baba.

Jambo la kwanza ni kuanza mapema na kwenda kwa miguu. Bodaboda humfikisha mgeni upesi, lakini humnyima macho. Njia ya kutoka Kibeta kwenda mjini ni ya kuteremka, na pande zote kuna migomba, na katikati ya migomba mna mibuni. Hivyo ndivyo Wahaya wanavyolima tangu zamani, nyumba ikiwa katikati ya shamba lake. Ukifika mahali pa wazi utaliona ziwa mbele yako, na ndani yake kisiwa cha Musira chenye majabali. Ziwa hili lina ukubwa wa kilometa za mraba karibu 69,000, wala hakuna lililo kubwa kuliko hilo katika Afrika. Baba alisimama akatazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, “Ng’ambo yake iko wapi?” Nikamwambia kwamba ng’ambo haionekani. Hapana budi pia mgeni achukue mwavuli, kwa maana Bukoba ni mmoja wa miji inayopata mvua nyingi sana katika Tanzania, nayo huja bila kubisha hodi.

Jambo la pili ni kupita sokoni asubuhi. Sokoni mgeni hujifunza chakula cha nchi kabla hajaketi mezani. Huko ataona mikungu ya ndizi mbichi imepangwa chini, nayo si ya namna moja: kuna ndizi za kupika, za kuchoma, za kuivisha na kula kama tunda, na za kutengenezea pombe iitwayo lubisi. Ataona dagaa na samaki wa ziwani, yaani sato na sangara. Kama ni Novemba au Desemba atakuta senene, ambao ni panzi wa kijani wanaoruka usiku kwa makundi wakati wa mvua na kuifuata taa. Huondolewa mabawa na miguu, kisha hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe au hukaushwa kwa moshi. Wageni wengi hukunja uso kwanza, halafu huomba waongezwe.

Kadhalika sokoni huuzwa kahawa ya kutafuna. Buni huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha hukaushwa. Mgeni akiingia katika nyumba ya Mhaya, kahawa hiyo ndiyo dalili ya kukaribishwa. Zamani watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana waligawana buni moja, kila mmoja akala nusu yake. Mzee mmoja muuzaji alipomwona baba ameishika akiigeuzageuza, alicheka akampa punje chache bure, akasema, “Karibu, mgeni. Tafuna polepole.” Baba akatafuna, na nyingine akazifunga katika kitambaa chake.

Kutoka sokoni si mbali kwenda kwenye Kanisa Kuu la Jimbo Katoliki. Ndani ya kanisa hili liko kaburi la Kardinali Laurean Rugambwa, mwana wa Kagera, ambaye mwaka 1960 alifanywa kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika katika nyakati zetu. Alifariki mwaka 1997, na mwaka 2012 mabaki yake yakaletwa hapo. Hata asiye Mkristo akiingia kwa adabu hapotezi kitu, maana hiyo ni sehemu ya historia ya nchi. Mgeni anayependa mpira aonyeshwe pia uwanja wa Kaitaba.

Sasa nafika kwenye chakula cha mchana, na hapa ndipo nilipokosea. Nilitaka baba ale mahali pa heshima. Nikampeleka katika hoteli yenye vitambaa vya meza na maua, ambayo sitaitaja jina. Sikuuliza bei, kwa kuwa niliona haya. Nilidhani mtu akiuliza bei ataonekana hana fedha. Nikaagiza samaki mzima wa kila mtu, na soda, na chipsi. Tuliletewa hesabu ya shilingi 46,000. Nikatazama chini. Baba hakusema neno. Akatoa fedha kutoka katika bahasha aliyoiweka kando, na mimi naijua bahasha ile ilikuwa ya nini: ilikuwa ya viatu vyangu vya shule. Tulipotoka nje akaniambia, “Samaki alikuwa mzuri, mwanangu. Lakini siku nyingine uliza kwanza. Kuuliza si ujinga.”

Basi kwa sababu hiyo nawapa wenzangu kanuni tatu za kula mjini. Kwanza, uliza bei kabla hujaketi, na uulize kama bei hiyo ni ya sahani nzima au ya samaki peke yake. Mwenye hoteli mwema hachukii kuulizwa. Pili, tazama wanapokula watu wa kazi, yaani madereva, makuli na wauza duka. Wao wanakula mjini kila siku, nao hawarudi mahali penye chakula kibaya au bei isiyo ya haki. Tatu, mpe mgeni chakula ambacho hawezi kukipata kwao. Chipsi ziko Kahama na kila mji, lakini ndizi za Bukoba ziko Bukoba.

Baada ya chakula yafaa kuteremka hadi ufukweni, na hapo hakuna kiingilio. Maelezo machache yatamfanya mgeni aone zaidi ya maji na mchanga. Mji huu ulianza kuwa kituo cha Wajerumani mwaka 1890, alipofika Emin Pasha. Mwezi Juni 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, wakaushambulia mji na kuuharibu mtambo wa Wajerumani wa simu isiyo na waya, kisha wakarudi walikotoka. Katika bandari hii ndipo abiria walipopanda meli ya MV Bukoba jioni ya tarehe 20 Mei 1996. Asubuhi ya pili ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Ni vigumu kukuta ukoo wa hapa usiojua mtu aliyepotea siku ile. Na karibu na uwanja wa ndege, ulio kando ya ziwa, ndipo ndege yenye watu 43 ilipoanguka majini tarehe 6 Novemba 2022. Watu 19 walifariki na 24 wakaokoka. Wavuvi kwa mitumbwi yao ndio waliofika kwanza kuwasaidia.

Mjini pia mgeni anaweza kuona nyumba zenye nyufa na mahali palipojengwa upya. Hizo ni alama za tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye kipimo cha 5.9, ambalo liliua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mimi nilipomweleza baba mambo haya alivua kofia, akasema mji huu umeona mengi na bado watu wake wanacheka.

Saa kumi njaa ilirudi, nami nikaona haya kumwomba baba tena. Yeye mwenyewe akanishika mkono, tukaenda kwa mama lishe mmoja karibu na stendi. Safari hii niliuliza, “Shikamoo mama. Ndizi na maharage ni shilingi ngapi?” Akajibu, “Marahaba. Elfu mbili sahani, na ya mzee nitaijaza.” Ndizi hizi humenywa zikiwa mbichi, huchemshwa pamoja na maharage, au nyama, au samaki, na sufuria hufunikwa kwa majani ya mgomba ili mvuke usitoke. Kwetu Kahama chakula ni ugali, na ndizi ni tunda la watoto. Baba alikula kijiko cha kwanza kwa mashaka, cha pili kwa mshangao, na baada ya hapo hakunena tena mpaka sahani ikawa nyeupe. Tulilipa shilingi 4,000 kwa watu wawili.

Kisha nikampeleka kwenye nyumba yake ya wageni, nikaagana naye, nikapanda kilima kurudi shuleni. Ninamwonya kila mwenzangu juu ya kilima hicho: asubuhi ni rafiki, lakini jioni ni adui, hivyo weka akiba ya nusu saa. Mimi nilifika wenzangu wakiwa tayari wamepanga mstari wa kuhesabiwa, jina langu likisubiri zamu yake.

Wakati wa likizo nilimkuta mama nyumbani amejaa habari za Bukoba. Alizijua habari za ziwa lisilo na ng’ambo, za mzee wa kahawa, za wavuvi na za ndizi zilizopikwa. Punje mbili za kahawa zilikuwa bado zimewekwa katika kikombe juu ya kabati. Habari za ile hoteli ya vitambaa hakuwa nazo hata kidogo. Baba hakumsimulia, nadhani kwa ajili ya kunistahi. Viatu nilivyokwenda navyo likizo vilikuwa vile vile vya zamani, navyo vilitiwa kiraka.

Ndugu wasomaji, mgeni wenu akija, msione haya kwa udogo wa mfuko wenu. Mambo mazuri ya mji huu karibu yote huonwa bure, na chakula chake kizuri si cha bei kubwa. Muonyesheni mji wenyewe, ulizeni bei, na mrudi kabla ya mstari. Na ninyi wazazi mnaosoma gazeti hili, karibuni Bukoba.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne