Muktadha au Hali? Juu ya Istilahi Moja ya Taaluma ya Kompyuta

Kusudi la makala haya ni kuchunguza istilahi ambayo, kwa maoni yetu, imetafsiriwa kwa kufuata umbo la neno la kigeni badala ya maana yake. Istilahi hiyo ni kubadili muktadha. Mwanaisimu alisikiapo neno muktadha huelewa mazingira yanayouzunguka usemi: nani asema na nani, wapi, na kwa madhumuni gani. Mhandisi wa kompyuta hakusudii hayo hata kidogo. Yeye huzungumzia yaliyomo ndani ya kichakataji chenyewe.

Tuchukue mfano. Mwuza samaki katika soko la Migori yumo katika kupatana bei na mnunuzi kwa Dholuo. Mara anaitwa na mnunuzi mwingine, Mkuria, naye anamjibu kwa Kiswahili. Mabadiliko hayo ya lugha ndiyo yaliyowashughulisha wataalamu wa kubadili msimbo, hasa Carol Myers-Scotton, ambaye kitabu chake cha 1993 kina mifano mingi ya Kenya. Lakini ili mwuzaji aweze kumrudia mnunuzi wa kwanza, yampasa akumbuke walifikia bei gani na ni samaki wangapi waliokwisha hesabiwa. Haya ya pili ndiyo yanayofanana na mambo ya kompyuta. Soko, lugha na wanunuzi wenyewe havimo.

Kichakataji kina nafasi chache za ndani ziitwazo rejista. Mojawapo huonyesha amri itakayofuata. Nyingine hushika tarakimu zinazofanyiwa hesabu. Kazi moja inaposimamishwa ili nyingine ishike zamu, yote hayo hayana budi kunakiliwa katika kumbukumbu kuu, kisha yale ya kazi ya pili yarejeshwe. Wakati wa kunakili hakuna kazi ya mtumiaji iendeleayo, na ndiyo sababu wabunifu wamejitahidi kuupunguza.

Z80 ya kampuni ya Zilog, iliyotoka 1976, ilipewa seti mbili za rejista zake kuu, hata amri mbili fupi zikatosha kubadilishana seti hizo. TMS9900 ya Texas Instruments, ya mwaka huohuo, ilifuata njia ya ajabu zaidi: rejista 16 za kazi za kawaida ziliwekwa katika kumbukumbu kuu, na ndani ya kichakataji zikabaki tatu tu. Kubadili kazi kukawa kwepesi sana, ila gharama ikalipwa katika kila hesabu ndogo, kwa kuwa kumbukumbu kuu i mbali.

Njia ya tatu ni kuahirisha. Rejista za hesabu za desimali ni kubwa, na programu nyingi hazizihitaji; basi mfumo endeshi uliziacha kama zilivyo mpaka kazi mpya izigusapo, ndipo za zamani zihifadhiwe. Ni kama mchuuzi wa Homa Bay aachaye samaki wa mteja wa kwanza juu ya mizani, kwa kuwa mteja wa pili anataka omena, nazo hupimwa kwa gorogoro. Lakini mteja wa pili aweza kuchungulia mizani. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba katika vichakataji vya Intel Core programu moja iliweza kupeleleza tarakimu za nyingine kwa njia hiyo, na kuahirisha kukaachwa. Hasara haikuwa kubwa: amri za kuhifadhi za siku hizi huweza kuziruka sehemu ambazo hazijabadilika.

Kwa hiyo twapendekeza kubadili hali, pamoja na kuhifadhi hali na kurejesha hali. Mwanasarufi atapinga kwamba hali ni istilahi yake tayari, katika njeo na hali. Pingamizi hilo lina uzito, lakini si mkubwa. Hakuna atakayedhani kwamba rejista zina hali timilifu. Muktadha, kinyume chake, humpotosha msomaji aliyesoma isimu, kwani kubadili msimbo na kubadili muktadha huonekana kama ndugu wa tumbo moja.

Kichakataji hakina matata, kwani kuchakata samaki ni usemi wa kawaida. Rejesha nalo limekaa vizuri: ni kauli ya kutendesha ya rejea, na hali ya kazi iliyosimamishwa hairejei yenyewe.