Pwani Yetu Machoni mwa Kamera



Usiku mmoja baada ya sala ya Isha tulikusanyika nyumbani, hapa Malindi, kutazama filamu iliyopigwa katika fuo za Pwani. Ilipokwisha, binti mdogo wa jamaa yetu akauliza, "Mbona hawamo watu kama nyanya?" Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Filamu nzima ilikuwa na bahari, minazi, hoteli, vijana wauza vinyago na mganga mmoja mwenye shanga. Haikuwa na mama anayekaanga mahamri alfajiri, wala mwalimu wa chuo, wala wazee barazani. Mtoto alipaona mahali anapopajua, asiwaone watu anaowajua.

Swali hilo tumeona lastahili nafasi katika ukurasa huu, kwani watoto wetu siku hizi hujifunza wao ni nani kupitia runinga na simu kabla ya kujifunza vitabuni.

Ufuo usio na mji

Mwaka 2012, katika tamasha la Cannes nchini Ufaransa, ilionyeshwa filamu ya mwelekezi wa Austria, Ulrich Seidl, iitwayo Paradies: Liebe. Ni kisa cha mwanamke wa makamo anayekuja Pwani ya Kenya kutafuta mapenzi kwa vijana wa ufuoni. Si filamu ya kutazamwa na familia, wala hatuipendekezi. Twaitaja kwa kuwa ndiyo picha ya Pwani waliyoiona watu wengi wa Ulaya. Humo hata kamera inapouacha ufuo na kuingia mitaani, huingia kwa habari ya pesa zinazoombwa.

Hata hivyo, tusiseme kwamba yote ni uzushi. Sote twajua vijana waliouacha mlango wa shule wakaufuata mchanga, na wazazi waliofumba macho kwa sababu ya kile kilicholetwa nyumbani jioni. Kioo kikituonyesha doa usoni, hatukivunji kioo; twanawa uso. Lawama yetu ni kwamba filamu ya namna hii huonyesha doa pekee, kisha ikaliita uso.

Binti aliyetaka kuogelea

Filamu iliyo karibu zaidi na nyumba zetu ni Subira, ya mwelekezi wa Kenya, Ravneet Chadha, iliyotoka mwaka 2018 na baadaye ikateuliwa kuiwakilisha Kenya katika mashindano ya Oscar. Subira ni binti wa Lamu anayetamani kuogelea baharini. Jamii yake yamkataza, kisha anaozwa katika familia yenye mali jijini Nairobi.

Wapo akina mama waliotuambia kwamba filamu hiyo imewafunga mabinti wetu katika hadithi ile ile ya kila siku: Muislamu, buibui, ndoa ya kulazimishwa. Malalamiko hayo yana uzito. Mtazamaji wa mbali aweza kudhani kwamba dini ndiyo iliyomkataza binti maji. Dini yatutaka stara, na stara haikuwahi kuwa adui wa bahari. Aidha, ridhaa ya binti katika ndoa ni sharti ambalo masheikh wetu hulifundisha waziwazi.

Lakini wapo pia mabinti waliolia walipoitazama, na kilio chao hatuna haki ya kukipuuza. Ikiwa binti wa Kilifi au Malindi anajiona katika Subira, swali la kwanza si kwa mwelekezi. Ni kwetu sisi wazazi: je, ni dini tuliyomfundisha, au ni ada tuliyoivika kanzu ya dini?

Mfano mwingine ni New Moon, filamu ya hali halisi ya Philippa Ndisi-Herrmann, iliyotoka mwaka 2018. Mama huyu alikwenda Lamu akikusudia kuieleza bandari kubwa iliyokuwa ikijengwa, na kazi yake ikageuka kuwa simulizi ya safari yake mwenyewe ya kuingia katika Uislamu. Humo wanawake wa Pwani hawaonewi huruma, wanasikilizwa.

Nani msimulizi?

Ugomvi juu ya picha yetu si wa leo. Mwaka 1986 Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alitoa mfululizo wa televisheni wa sehemu 9 uitwao The Africans: A Triple Heritage. Hoja yake ilikuwa kwamba Afrika imerithi mambo matatu: asili yake, Uislamu na Umagharibi. Kwa mtu wa Pwani hoja hiyo haikuwa ngeni. Ukoo wa Mazrui wenyewe, ulipoondolewa madarakani Mombasa mwaka 1837, tawi lake moja lilihamia Takaungu, hapa Kilifi.

Mwaka 1999 Profesa Henry Louis Gates wa Marekani alitoa mfululizo wake, Wonders of the African World. Alipofika katika miji ya Waswahili aliwahoji watu kwa nini wanajinasibisha na Uarabuni na Uajemi, na akalipa uzito mkubwa suala la utumwa. Mazrui alimkosoa kwa maandishi makali, akiona kwamba Waswahili wametazamwa kwa jicho la dharau.

Sisi twaafiki kwamba mgeni wa siku chache hawezi kumfundisha Mswahili asili yake. Hata hivyo, kosa la msimulizi lisiwe kisingizio cha kuificha historia. Katika karne ya 19 mashamba ya nafaka na ufuta ya Malindi yalilimwa kwa jasho la watumwa, na watoro waliokimbia walijenga makazi yao Fuladoyo. Wazao wa pande zote mbili leo wanaswali safu moja. Mkasa huo tukiusimulia wenyewe kwa uadilifu, hatasubiriwa mgeni aje kuusimulia kwa kututuhumu.

Hadithi zinazongoja

Simulizi nyingi za Malindi huanza na Vasco da Gama kutia nanga mwaka 1498, kana kwamba mji ulizaliwa siku hiyo. Mwaka 1415, miaka 83 kabla yake, twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa China. Huko Gedi, kaburi moja limechorwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia, karibu na msikiti mkuu, kasri na nyumba za mawe zenye visima na vyoo. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Na jirani zetu Wagiriama wana Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane aliyewaongoza watu wake kuupinga utawala wa Waingereza mwaka 1913. Je, hapa hapana filamu?

Dalili njema zipo. Tamthilia kama Sultana, ya Rashid Abdalla na Lulu Hassan, iliwasikilizisha watoto wetu Kiswahili cha kwao jioni, na mhusika wake mkuu alikuwa binti kipofu asiyedharauliwa.

Yaliyo mikononi mwetu

Suratul Hujurat yatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuiamini, na filamu ni habari. Basi tutazame pamoja na watoto, tusiwaachie simu peke yao. Filamu ikiisha tuwaulize: nani kaisimulia? Nani hakupewa nafasi ya kusema? Lipi ni kweli tulirekebishe, na lipi si kweli tulikanushe? Siku za likizo tuwapeleke Gedi na Mnarani, wayaguse mawe kwa mikono yao. Na simu ile ile inayotuletea picha za wengine tuigeuze kwa nyanya zetu, tuwarekodi wakisimulia, kwa idhini yao, kabla hawajatutoka.

Binti yule ameanza. Juzi alimkalisha nyanyake ukumbini akamuuliza alivyoolewa. Nyanya alicheka, akajitengeza leso, akasema, "Ngoja kwanza nivae vizuri, nitaonwa na watu."

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli katika kujisimulia. Wabillahi tawfiq.