Nguvu ya jengo la chuma iko kwenye viungo vyake

Ukisafiri kutoka Naivasha kupitia Gilgil hadi jijini Nakuru, utaona fremu za chuma zikisimama pande zote za barabara: magodauni, vituo vya mafuta, paa za masoko na minara ya matanki ya maji. Ndani ya maduka, wenye nyumba huongeza ghorofa nyepesi ya chuma ili wapate chumba cha pili cha kupangisha. Sababu inaeleweka. Kazi ya chuma huenda haraka, na mwenye mradi haongojei saruji ikauke.

Mkazi anayejenga hivi huuliza chuma kina unene gani na kilo moja ni pesa ngapi. Swali ambalo wahandisi hulitilia mkazo zaidi kwa kawaida halimjii: vipande hivi vitashikanishwa vipi? Boriti hutoka kiwandani ikiwa imepimwa. Kiungo hutengenezwa na fundi, pengine akiwa juu ya ngazi na upepo unavuma, na hapo ndipo kosa hupata nafasi.

Eneo letu limeijua kazi hii kwa zaidi ya miaka 120. Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka wa 1900. Ilipokuwa ikivuka Mau kuelekea Ziwa Victoria, ilihitaji madaraja marefu ya chuma juu ya mabonde, na kampuni ya American Bridge ya Marekani ikapewa kazi ya kujenga 27. Vyuma vilikatwa ng'ambo, vikaletwa kwa meli na reli, vikaunganishwa hapa. Kiungo cha zama hizo kilikuwa ribiti: kipande cha chuma kilichopashwa moto hadi kikawa chekundu, kikatiwa kwenye tundu, kisha kikagongwa upande wa pili hadi kikapata kichwa. Kilipopoa kilijikunja na kuyabana mabamba pamoja. Leo ribiti za namna hiyo ni nadra kwenye ujenzi. Zimebaki njia mbili, bolti na kuchomelea.

Bolti ina sifa moja ambayo mwenye jengo anaweza kuikagua mwenyewe, bila kifaa chochote. Tazama kichwa chake. Zile za kazi nzito huandikwa 8.8. Namba ya kwanza inasema bolti hukatika ikivutwa kwa nguvu ya niutoni 800 kwa kila milimita mraba. Ya pili inasema huanza kurefuka bila kurudi ikifika asilimia 80 ya nguvu hiyo, yaani 640. Bolti ya 4.6 hukatika kwenye 400 na huanza kurefuka kwenye 240. Zikiwa na unene mmoja na rangi moja hutazitofautisha kwa mbali, na ya pili ni rahisi kuinunua kwa bei ya chini. Michoro ikitaka 8.8 na fundi akaweka 4.6, kiungo kimepoteza nusu ya nguvu zake bila mtu kujua. Bolti isiyo na alama yoyote isikubaliwe kwenye nguzo wala boriti.

Tundu nalo lina kipimo. Kwa bolti za milimita 16 hadi 24, tundu la kawaida huzidi bolti kwa milimita mbili tu. Matundu yasipokutana, dawa ya haraka ya baadhi ya mafundi ni kuyapanua kwa moto wa gesi. Bolti huingia, lakini bamba limebaki na tundu pana lisilo na umbo, na kiungo kitacheza. Bamba hilo lirudishwe likatobolewe upya.

Kuchomelea ni kugumu zaidi kukagua kwa macho. Mshono wa pembeni wenye upana wa milimita 6 huwa na unene wa kubeba mzigo wa kama milimita 4 pekee, na hiyo ni kama chuma kimeyeyuka vizuri hadi ndani. Mshono unaweza kung'aa kwa nje na kuwa na mapengo kwa ndani kwa sababu ya rangi, kutu au mafuta yaliyoachwa kabla ya kazi, au kwa sababu elektrodi zilipata unyevu. Unyevu huingiza haidrojeni kwenye mshono, na ufa unaweza kutokea saa nyingi baada ya fundi kuondoka. Kwa jengo linaloingiwa na watu, viungo vikubwa vipimwe kwa rangi maalumu inayoonyesha nyufa au kwa mawimbi ya sauti.

Aina ya kiungo haiishii kwenye bolti au mshono. Kuna kiungo huru, ambacho hubeba uzito wa boriti lakini huiacha ijipinde kidogo, kama bawaba ya mlango. Kuna kiungo kikaza, ambacho hulazimisha pembe kati ya boriti na nguzo isibadilike. Godauni lisilo na nguzo katikati husimama kwa sababu ya viungo hivi pale paa linapokutana na nguzo. Fundi akiweka kiungo huru mahali pa kikaza, fremu itayumba. Akichomelea pande zote mahali palipotakiwa kiungo huru, akidhani anaongeza nguvu, anaipa nguzo mzigo wa kupinda ambao mhandisi hakuuhesabu.

Kuna chuma kingine ambacho lazima kiachwe kisogee kabisa. Waliotembelea Hell's Gate wameona mabomba ya mvuke ya Olkaria yakipinda kwa umbo la mlango na kurudi kwenye njia yake. Bomba la mita 100 likipata joto zaidi kwa nyuzi 150 hurefuka kwa karibu sentimita 18. Bila mipindo na vishikio vinavyoteleza, lingezing'oa nguzo zake.

Badiliko dogo la kiungo linaweza kuua. Tarehe 17 Julai 1981, njia mbili za juu katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, zilianguka na watu 114 wakafa. Mchoro wa awali ulitaka fimbo ndefu zinazopita zikishika njia zote mbili. Ili kurahisisha kazi, kila fimbo iligawanywa mara mbili, na njia ya chini ikaning'inizwa kwenye ya juu. Nati zilizobeba njia moja zikawa zinabeba mbili. Fimbo zenyewe hazikukatika.

Nakuru ina sababu yake ya kujali. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ukubwa wa karibu 6.9 liliipasua ardhi ya Subukia. Mwaka wa 1994 tetemeko la Northridge, California, lilionyesha kwamba viungo vya kuchomelea vilivyoaminiwa kwa miaka vilikuwa vimepata nyufa katika majengo mengi ya chuma. Wahandisi wa huko walianza kupunguza upana wa boriti karibu na kiungo, ili tetemeko likija boriti ijipinde kabla ya mshono kupasuka.

Kwa sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, ujenzi unahitaji idhini ya kaunti kabla ya kuanza, na ghorofa ya chuma inayoongezwa ndani ya duka ni ujenzi. Michoro ionyeshe viungo vyenyewe: idadi na daraja la bolti, unene wa bamba, ukubwa wa mshono. Mchoro wenye mistari ya boriti peke yake haujakamilika. Mhandisi awe amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya, na mkandarasi na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Fundi akitaka kubadilisha kiungo chochote, kazi isimame mpaka mhandisi atie sahihi mchoro mpya.

Wenye minara ya matanki iliyokwisha kujengwa waangalie bamba la chini la kila nguzo baada ya mvua. Maji hutuama hapo, na kutu huanzia kwenye bolti zinazoishikilia nguzo kwenye msingi. Tanki la lita 10,000 likijaa lina tani 10.