Kusomea Kiswahili chuoni: uchambuzi mwingi, utunzi haba

Kiswahili kilisomeshwa Berlin miaka mingi kabla hakijapata idara katika chuo kikuu chochote cha Afrika Mashariki. Seminari ya Lugha za Mashariki ilifunguliwa huko mwaka 1887, wakati Ujerumani ilipohitaji maofisa na wafanyabiashara wa kuzungumza na watu wa koloni lake jipya. Wazungu walifundisha sarufi, na Waswahili walioletwa kutoka pwani wakawasaidia wanafunzi kutamka na kuzungumza. Mmoja wa Waswahili hao alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefika mwaka 1900. Profesa Carl Velten hakutosheka na mazungumzo yao. Aliwataka pia waandike habari za safari zao na mila za kwao. Ndipo vikatoka Safari za Wasuaheli (1901) na Desturi za Wasuaheli (1903), ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro. Vitabu hivyo viliwafaa Wajerumani waliokuwa wakijifunza lugha, lakini leo vinahesabiwa miongoni mwa nathari bora za Kiswahili za enzi zile. Jina lililowekwa mbele, hata hivyo, lilikuwa la Velten.

Nyumbani mambo yalichelewa. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili kwa kufuata Kiunguja, ikasimamia tahajia, kamusi na vitabu vya shule, lakini haikutoa shahada. Mwaka 1964 kazi zake zilihamia Dar es Salaam, kikazaliwa Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili, ambacho baadaye kilijulikana zaidi kwa jina la TUKI. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Farouk Topan alianza kufundisha fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili chenyewe, jambo lililokuwa geni katika chuo ambacho kila mhadhara ulikuwa wa Kiingereza. Idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 1970, mwaka ule ule ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilisimama peke yake. Idara hiyo na TUKI viliunganishwa mwaka 2009, ikapatikana taasisi moja, TATAKI.

Anayeingia mwaka wa kwanza akiamini kwamba Kiswahili anakijua, maana amekisema tangu utotoni, huanza kuhangaika kwenye darasa la mofolojia. Anapewa neno kama “wasingalituandikia” alikate vipande: wa- ni nafsi, -si- ni ukanushi, -ngali- ni masharti, -tu- ni mtendewa, -andik- ni mzizi, -i- ni kauli ya kutendea na -a ni kiishio. Akimaliza anaulizwa kwa nini kauli hiyo hiyo ya kutendea ina -i- katika “andikia” lakini ina -e- katika “somea”. Jibu liko katika irabu ya mzizi: e na o huvuta -e-, nazo a, i na u huvuta -i-. Mtoto wa Kariakoo hakosei kanuni hiyo hata siku moja, ila kuieleza na kuitetea kwa mifano ni kazi ya mtu aliyekaa darasani. Fonolojia, sintaksia, semantiki na isimujamii huendeshwa kwa mtindo huo huo, yaani kuchukua kinachojulikana na kukidai kijieleze.

Fasihi simulizi humtoa mwanafunzi nje ya ukumbi wa mihadhara. Huenda uwandani na kinasa sauti, humkuta bibi anayesimulia ngano, kisha hurudi na kazi ngumu kuliko kurekodi, nayo ni unukuzi. “Paukwa” na “pakawa” vyote viandikwe. Kicheko cha hadhira, wimbo unaokatiza hadithi na mahali msimulizi aliporudia sentensi navyo havistahili kufutwa, kwa kuwa fanani hutunga mbele ya watu na watu hao ni sehemu ya utungo. Wengi hushawishika kuisafisha hadithi hadi ifanane na ya kitabuni. Hapo ndipo alama hupotea, na hupotea kwa haki.

Upande wa ushairi, hakuna somo lililopata faida kubwa zaidi kutokana na ugomvi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani iliyoachana na vina na mizani. Wanamapokeo, waliolelewa kuhesabu mizani kumi na sita kwa mshororo na kulinganisha vina vya kati na vya mwisho, walisema hayo si mashairi. Kezilahabi hakuwa peke yake, kwani miaka miwili baadaye M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walitoa Malenga wa Bara. Wote watatu walikuwa watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ubishi ule ulilazimisha kila upande kueleza shairi ni nini hasa, swali ambalo bado huzua mabishano katika semina.

Hata hivyo waandishi hao hawakutengenezwa na mtaala. Kezilahabi alimaliza shahada ya kwanza mwaka 1970, na Rosa Mistika ikatoka mwaka uliofuata. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha ikaja kusomwa shuleni na vyuoni. Tasnifu yake ya umahiri ya mwaka 1976 ilihusu riwaya za Shaaban Robert. Ebrahim Hussein, aliyesomea sanaa za maonyesho chuoni hapo, alichapishiwa Kinjeketile mwaka 1969. Kwao utunzi na uchambuzi vilikwenda pamoja, lakini kilichopewa alama ni uchambuzi.

Hali haijabadilika sana. Maswali ya mtihani huanza na “fafanua”, “jadili” au “hakiki”, na mwanafunzi anaweza kuhitimu akiwa hodari wa kuonyesha dhamira katika riwaya za wengine pasipo yeye kuwahi kurudia rasimu ya hadithi yake mara tatu mbele ya msomaji mkali. Sababu ya kwanza ni wingi wa watu. Insha ya uchambuzi husahihishwa kwa mwongozo mmoja, lakini hadithi fupi za darasa zima kila moja hudai isomwe kivyake. Sababu nyingine ni kwamba soko la vitabu vya Kiswahili hutegemea mno vitabu teule vya shule, na hivyo mwandishi kijana huona afadhali awe mtunzi wa miongozo.

Nairobi ilipita njia yake. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong’o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai Idara ya Kiingereza ifutwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Kiswahili nacho kilipata huko wahadhiri watunzi, akiwemo Kithaka wa Mberia, aliyeandika Kifo Kisimani, na Kyallo Wadi Wamitila, aliyetoa Kamusi ya Fasihi pamoja na riwaya kama Bina-Adamu!

Vyuo haviwezi kumfanya mtu awe na kipaji, lakini vinaweza kumpa muda, msomaji na alama kwa kazi ya kubuni. Tasnifu ya shahada ya kwanza ingeweza kuwa mswada wa riwaya wenye utangulizi wa kihakiki, na mwanafunzi akahojiwa juu ya vyote viwili. Wakati hilo likisubiriwa, milango ipo nje ya chuo: tuzo ya Safal-Cornell hupokea miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imetolewa tangu mwaka 2023. Mwanafunzi mwenye mswada kabatini autoe sasa, asingoje mahafali.